BWANA SHAMBA ANASEMA: Shule Iliyopakwa Rangi Nyekundu



Mwezi huu tuuache mpunga kidogo. Katika mkutano wa kijiji kimoja cha delta mzee mmoja alisimama akaniuliza: "Bwana Shamba, kwenye ramani shule yetu imepakwa rangi nyekundu. Je, watoto wetu ni wajinga?" Watu wakanyamaza. Swali hilo ni lako pia, kwa hiyo nalijibu hapa.

Kwa kawaida kila Septemba darasa la saba hufanya mtihani wa Baraza la Mitihani. Masomo ni 6. Kila somo lina alama 50, jumla 300. Mtoto akipata alama 121 au zaidi, amefaulu. Kisha huhesabiwa wangapi wamefaulu katika kila mia. Mwaka 2013, katika mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, shule zilipewa rangi tatu: kijani, njano, na nyekundu kwa zilizo nyuma. Januari 2023 Baraza lilitangaza kwamba halitataja tena shule bora. Lakini matokeo ya kila shule hutolewa bado, na yeyote anaweza kuyachorea ramani.

Mimi nikiona jani la mahindi limegeuka njano, najua shamba lina shida. Sijui ni shida gani. Pengine udongo umechoka, pengine maji yametuama. Lazima niingie shambani nitazame.

Haya, tuingie. Tuseme shule ya Kibiti mjini ina watoto 100 wa darasa la saba. Wawili wakishindwa, ni 2 katika mia. Shule ya kisiwani ina watoto 10. Wawili wakishindwa, ni 20 katika mia. Walioshindwa ni wawili huku na wawili kule, lakini rangi si moja.

Tazama tena mahali. Bungu iko kando ya barabara kuu. Maparoni na Kiongoroni mwalimu hufika kwa chombo, naye hungoja maji yajae. Aprili 2024 mafuriko yaliingia nyumba na mashamba ya Rufiji na Kibiti. Na sisi wenyewe je? Mpunga ukianza kukomaa tunahamia dunguni na watoto, waamie ndege. Siku hizo zote mtoto hayupo darasani. (Nami husifu mavuno hayo bila kuuliza nani alifukuza ndege.)

Sasa jambo linalonitia hofu. Watafiti walizifuatilia shule zile za mpango wa 2013. Zilizokuwa mkiani katika wilaya zao zilipandisha ufaulu. Lakini watoto waliofika kufanya mtihani walipungua. Rangi inaweza kuwa nzuri kwa sababu mtoto dhaifu amebaki nyumbani.

Kwa hiyo ukienda kwenye mkutano wa shule, usiulize rangi peke yake. Uliza: wangapi walianza darasa la kwanza? Wangapi waliandikishwa kwa mtihani? Wangapi waliufanya? Somo gani limeanguka? Andika majibu mwenyewe. Sasa unajua kuandika.

Mzee yule alikwenda shuleni kesho yake na daftari lake la kisomo. Mwalimu mkuu akamsomea majina ya watoto ambao hawakufika siku ya mtihani, naye akayaandika polepole, moja moja. Jina la tatu lilikuwa la mjukuu wake.