Kipaza Sauti Kipi? Kiswahili Mezani pa Fundi

Kwa miaka mingi wapenzi wa Kiswahili wamekuwa wakiulizana iwapo lugha hii inaweza kubeba sayansi na teknolojia. Aghalabu swali hilo hujibiwa kwa kutaja istilahi zilizoundwa na zile ambazo bado hazijaundwa. Makala haya yanashikilia kuwa istilahi si tatizo kuu. Kinachokosekana ni maandishi, na ushahidi uko mezani pa fundi wa redio.

Itumbe, katika nyanda za juu za Kisii, ni nchi ya majani chai na migomba. Nyumbani husemwa Ekegusii, Kiswahili huwaunganisha wenyeji na wageni, na fizikia hufundishwa shuleni kwa Kiingereza. Mathalani, kijana wa huko anataka kujiundia amplifaya ndogo. Anaagiza kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, kifurushi chenye bodi tupu ya saketi, chipu ya LM386 yenye miguu minane, resista, kapasita na spika. Maelekezo yaliyomo ni ya Kiingereza, pengine na Kichina. Lugha aliyoisoma kama somo la lazima tangu shule ya msingi haimo.

Je, haimo kwa sababu haiwezi? La hasha. Chipu hiyo hutumia umeme wa volti 4 hadi 12, hivyo betri ya volti 9 yatosha. Mguu wa 1 na wa 8 ikiachwa bila kuunganishwa, mawimbi ya sauti hukuzwa mara 20. Ikiunganishwa kwa kapasita ya mikrofaradi 10, upande chanya ukielekea mguu wa 1, hukuzwa mara 200. Mguu mrefu wa kapasita hiyo ni chanya, na mstari uliochorwa ubavuni huonyesha hasi. Resista husomwa kwa rangi: kahawia, nyeusi na nyekundu, kwa utaratibu huo, humaanisha omu 1,000. Wakati wa kulehemu, ncha ya moto iguse mguu wa kifaa na shaba ya bodi kwa pamoja, ndipo lehemu iyeyushwe hapo. Hakuna sentensi miongoni mwa hizo iliyongoja kikao cha kamati.

Hata hivyo, uandishi wa aina hii hufichua udhaifu ambao insha za kawaida huuficha. Neno kipaza sauti hutumiwa kwa maikrofoni, kwa spika na hata kwa amplifaya. Katika habari ya mkutano wa hadhara, utata huo haumdhuru mtu. Katika maelekezo ya kuunganisha nyaya, hali ni tofauti: maikrofoni huingiza mawimbi, amplifaya huyakuza, spika huyatoa. Anayeambiwa "unganisha kipaza sauti" hajui aanzie upande upi. Mafundi wamekwisha kujitatulia utata huo kwa kusema maiki, amplifaya na spika. Na jambo hili si la mzaha. Kapasita iliyogeuzwa hasi kwa chanya yaweza kupasuka, na katika amplifaya kubwa zinazotumia umeme wa nyumbani wa volti 240, sentensi yenye utata yaweza kuua.

Wapo watakaosema kwamba fundi hujifunza kwa kutazama, wala hahitaji karatasi. Ni kweli kwamba ufundi mwingi wa jua kali hurithishwa kwa macho na mikono. Lakini anayejifunza kwa kutazama tu humtegemea aliye karibu naye. Asipokuwapo fundi kijijini, elimu hiyo haifiki. Wengine watasema istilahi bado hazijakamilika. Ikumbukwe kwamba Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Kamusi, hata ikiwa bora kiasi gani, ni ghala. Maneno yaliyomo hupata uhai yanapotumiwa katika sentensi ambazo mtu anazihitaji.

Wala dhana ya kukuza sauti si ngeni kwa Abagusii. Obokano, zeze lao kubwa la nyuzi nane, lina kasha lililowambwa ngozi. Mtetemo wa uzi peke yake haufiki mbali. Kasha na ngozi huusukuma hewani kwa upana zaidi, nao ukasikika uwanja mzima. Tofauti ni kwamba kasha halina nguvu yake lenyewe, bali hutumia ile ya vidole vya mpigaji, ilhali amplifaya huchota nguvu ya ziada kutoka kwenye betri. Mwalimu anayeanzia kwenye obokano, kisha akaingia kwenye chipu, atakuwa amefundisha fizikia kwa njia ambayo mwanafunzi wa Itumbe haisahau.

Tangu Katiba ya mwaka 2010, Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi ya Kenya. Hadhi hiyo haitoshi ikiwa wanaoisomea lugha wataandika kuhusu riwaya na ushairi peke yake. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vyaweza kuanza na jambo dogo: kila muhula, wanachama wachache wakae na fundi, waandike maelekezo ya kurasa mbili kwa maneno anayoyatumia yeye, kisha wampe mtu ambaye hajawahi kushika bodi ya saketi. Wahadhiri nao wakubali kuyasahihisha kama kazi halali ya kitaaluma. Kipimo chake ni kikali kuliko cha mtihani wowote: msomaji akimaliza kuunganisha na spika ikabaki kimya, maelekezo yarudishwe kwa mwandishi.