Mwanafunzi Ajue Faili Yake Iko Wapi

Yasikitisha kwamba katika shule kadhaa nilizozuru Migori na Homa Bay, mwanafunzi hufunzwa kuchapa kabla ya kufunzwa kuhifadhi. Faili zote hurundikwa kwenye skrini, nyingi bila jina la maana. Mradi wa Somo la Kompyuta wa KCSE ukipotea humo, alama nazo zimepotea.

Ilhali jambo lenyewe si geni. Rongo imo ndani ya Migori, Mbita ndani ya Homa Bay, na kaunti zote mbili zilikuwa zamani Wilaya ya Nyanza Kusini. Folda nazo huwekwa vivyo hivyo, moja ndani ya nyingine. Walimu wenzangu, tuanzie hapo. Tena tuwaonye: faili iliyofutwa kwenye flashi kwa kawaida haiendi katika pipa la kompyuta, nakala ya pili na iwekwe mapema.