Sheria inasema "yeyote": unyanyasaji wa kingono kazini

Mwezi wa Septemba 2021, tume huru ilitoa ripoti juu ya wafanyakazi waliokuja kupambana na Ebola huku kwetu mashariki kati ya 2018 na 2020. Watuhumiwa 83 walitajwa, na 21 kati yao walikuwa waajiriwa wa Shirika la Afya Duniani. Wanawake walieleza namna walivyoahidiwa kazi, ao kuibakisha, kwa sharti la kulala na mkubwa.

Je, sheria yetu inasema nini? Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 iliingiza kosa hili katika kanuni ya adhabu. Inamlenga yeyote anayemsumbua mwingine mara kwa mara kwa maneno, ishara, amri, vitisho ao kwa kutumia vibaya mamlaka ya kazi yake, ili apate tendo la kingono. Adhabu ni kifungo cha mwaka 1 hadi 12, ao faini, ao vyote viwili. Sheria haikusema "mwanaume anayemsumbua mwanamke". Kijana anayesumbuliwa na mkubwa wake, akiwa mwanamke ao mwanaume, analindwa pia.

Si kila inchi imefanya hivyo. Katika India, sheria ya 2013 juu ya unyanyasaji kazini inampa mwanamke peke yake haki ya kushitaki. Wabunge wake waliangalia wale wanaoumizwa zaidi, na sababu hiyo tunaielewa. Lakini mwanaume aliyesumbuliwa anabaki nje ya mlango.

Wengine kati yetu wanaogopa kwamba kuwataja wanaume kutafunika kilio cha mama na dada zetu. Hofu hiyo ina msingi: wanaoumia zaidi ni wanawake, na hakuna anayepaswa kulisahau. Lakini kumfungulia mmoja mlango hakumfungii mwingine. Kosa lenyewe ni moja: mwenye mamlaka juu ya mkate wa mtu anataka mwili wake.

Biblia inalijua jambo hili. Yosefu alikuwa mtumishi katika nyumba ya Potifa. Mke wa bwana wake alimsumbua siku kwa siku, naye alipokataa, alisingiziwa na kufungwa. Tamari naye aliumizwa nyumbani mwa ndugu yake, kisha akaambiwa anyamaze. Mmoja hakusadikiwa, mwingine alinyamazishwa. Hata leo mwanaume anachekwa, na mwanamke anaulizwa alivaa nini.

Ndipo ugumu ulipo. Kwa kosa hili, sheria ya 2006 inataka mwenye kuumizwa ashitaki mwenyewe. Asiposema, mashitaka hayaanzi.

Sisi makanisa ni waajiri pia: tuna masomo, mahospitali na maofisi. Basi tuanzie kwetu. Kila kazi ya kanisa iwe na watu wawili wanaojulikana, mama mmoja na baba mmoja, wa kupokea malalamiko kwa siri. Kanuni zetu za kazi ziseme "mfanyakazi yeyote". Anayeshitaki asifukuzwe wala asihamishwe. Na mwenye kushitakiwa, hata akiwa mchungaji, asipelekwe kimya parokia ingine huku jamaa ya aliyeumizwa ikipewa mbuzi. Asikilizwe kwa haki, na jambo la sheria lifike mbele ya sheria.