Unatoka Kitui Gani?

Fika siku moja, mpenzi msomaji, kwenye stendi ya mabasi ya Machakos jijini Nairobi, juma la mwisho kabla ya Krismasi. Simama karibu na mabasi ya Ukambani utege sikio. Mama atakuja mbio, mtoto mgongoni na mkoba mkononi, aseme anakwenda Kitui. Utingo hatamkatia tikiti. Atamwuliza kwanza, "Kitui gani, mama?"

Wala swali hilo si la kejeli. Aendaye Mwingi atapitia Thika na Matuu kwa barabara ya Garissa. Aendaye Kitui mjini huenda akapitia Machakos na Wamunyu. Na wa Ikutha, kule kusini, siku hizi aweza kushika barabara ya Mombasa hadi Kibwezi, ndipo akate kushoto na kuvuka mto Athi. Watu watatu wa kaunti moja, wote wakisema wanakwenda nyumbani Kitui, nao wanafika kwao kwa njia tatu tofauti.

Ramani ya ukutani darasani imetudanganya wengi. Ukiitazama Kitui hapo, ni kipande tu kati ya vipande 47. Lakini kipande hicho kina kilomita mraba zipatazo 30,500. Nchi nzima ya Rwanda ina 26,338 na Burundi 27,834, na Ubelgiji iliyozitawala nchi hizo mbili inakaribiana na Kitui kwa ukubwa. Nairobi yetu tunayoiona haiishi, yenye kilomita mraba 696, ingeingia ndani ya Kitui zaidi ya mara 40. Na bado Kitui ni ya sita tu nchini, nyuma ya Turkana, Marsabit, Wajir, Garissa na Tana River.

Sasa itazame jirani yake, Makueni. Eneo lake ni kama kilomita mraba 8,000, robo tu ya Kitui. Lakini katika sensa ya 2019 Makueni ilihesabiwa watu 987,653, na Kitui 1,136,187. Yaani watu karibu sawa, ila wa Kitui wametawanyika mahali palipo karibu mara nne. Kila kilomita mraba ya Kitui ina watu 37. Ya Makueni ina zaidi ya 120. Ukitaka kujua kwa nini zahanati, shule ya sekondari na hata duka la kununua kiberiti huwa mbali zaidi upande mmoja wa Athi kuliko upande wa pili, anzia kwenye hesabu hiyo.

Na hawa ni ndugu wa damu. Wazee wa Ukambani husimulia kwamba Wakamba walifika kwanza kwenye mlima Nzaui, kisha wakapanda milima ya Mbooni, na yote miwili iko Makueni ya leo. Mbooni ilipojaa watu, baadhi wakatelemka, wakavuka Athi na kuingia Kitui. Waliobaki nyuma nchi yao ikaitwa Ulu. Athi si mto wa mzaha, nao ukishapita Tsavo hubadilishwa jina ukawa Galana na kisha Sabaki, hadi uingie baharini kaskazini ya Malindi. Nyuma ya mto umelala uwanda wa juu wa Yatta, mwamba wa volkeno wenye urefu wa karibu kilomita 300, miongoni mwa mirefu ya namna yake duniani. Mto na mwamba huo vikawatenga ndugu kwa vizazi vingi. Hata leo Mkamba akisema maneno matatu tu, Mkamba mwenzake atajua kama ni wa upande wa Machakos na Makueni au ni wa Kitui. Wataalamu wa lugha nao hukitaja peke yake Kikamba cha Mumoni, kaskazini ya Mwingi, kule ambako watu wamepakana na Watharaka. Tena Watharaka wenyewe wamo ndani ya Kitui, wana wadi inayoitwa kwa jina lao.

Lakini umbali haukuwa adui wa Kitui siku zote. Uliwahi kuwa mtaji wake. Katika karne ya 19, misafara ya Wakamba ilibeba pembe za ndovu kutoka bara hadi Rabai na Mombasa, na mmoja wa vigogo wa biashara hiyo alikuwa Kivui wa Mwenda, aliyekaa Kitui. Mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, alitoka Rabai mwanzoni mwa Novemba 1849 kwenda kumwona. Alitembea zaidi ya majuma matatu kabla ya kufika. Tarehe 3 Desemba mwaka huo, akiwa Kitui, aliuona mlima wenye theluji ambao wenyeji waliuita Kiinyaa. Yeye akaliandika jina hilo jinsi sikio lake lilivyolipokea, na kwa njia hiyo nchi yetu ikaja kuitwa Kenya. Mtoto wa shule akikuuliza jina hili lilitoka wapi, mwambie lilitamkwa Kitui.

Krapf alirudi mwaka wa 1851. Safari hii walielekea mto Tana pamoja na Kivui, wakashambuliwa na wanyang'anyi, Kivui akauawa. Mzungu wa watu akakimbilia porini peke yake, akawa anachota maji na kuyatia ndani ya mtutu wa bunduki yake ili apate cha kunywa njiani. Nakuomba uyakumbuke hayo, msomaji, siku utakapolalamika kwamba basi limekawia nusu saa.

Kilichoipindua hali ni reli. Ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Nairobi 1899, nayo ikapita upande wa Makueni: Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali, Sultan Hamud. Kitui haikuguswa. Barabara kuu ikafuata reli, na ilipokuja reli mpya ya SGR mwaka wa 2017, ikafuata njia ile ile na kuweka vituo Mtito Andei, Kibwezi na Emali. Hivyo kwa zaidi ya miaka mia moja, kila anayekwenda pwani hupita Makueni, akanunua machungwa dirishani, akala Makindu kwenye hekalu la Makalasinga ambako msafiri hapewi bili. Kitui hapiti mtu ila mwenye shughuli yake huko.

Isidhaniwe kwamba Makueni yote ilineemeka kwa kuwa karibu na reli. Nyanda zake za chini zilikuwa pori la ndorobo hata miaka ya 1940, serikali ya kikoloni ilipotaka kuhamishia huko watu kutoka milima iliyojaa. Mwindaji mmoja, J. A. Hunter, alipewa kazi ya kulisafisha, na katika miaka miwili hivi aliua karibu vifaru 1,000. Leo, ukipita Wote na kuona mashamba ya maembe, ni vigumu kusadiki.

Hapo kwenye embe pana jambo ambalo nadhani halijasemwa vya kutosha. Umbali ndio unaochagua mtu alime nini na auze nini. Embe likiiva halisubiri. Mkulima wa Makueni aliye karibu na barabara kuu ana tumaini la kulifikisha sokoni likiwa zima, na tangu 2017 kaunti ina kiwanda chake cha kusindika maembe huko Kalamba. Mtu wa ndani kabisa ya Kitui hana anasa hiyo. Auze nini? Vitu visivyooza njiani: ndengu, asali, mbuzi anayetembea kwa miguu yake, na makaa. Ni mantiki ile ile ya Kivui na pembe zake za ndovu. Serikali ya Kitui ilipopiga marufuku usafirishaji wa makaa mwaka wa 2018, wengi wetu mjini tuliona habari ya miti tu. Ilikuwa pia habari ya umbali, kwa kuwa gunia la makaa laweza kukaa kando ya njia majuma mawili likingoja lori na lisiharibike.

Hata njaa huko imepewa majina yanayotokana na njia. Ile ya 1898 na 1899 iliitwa Ngomanisye, yaani iliyoenea kila mahali. Ya 1961 huitwa Yua ya Ndeke, njaa ya ndege, kwani ukame ulifuatwa na mafuriko, barabara zikakatika, chakula kikaangushwa kwa eropleni. Na ile ya mapema miaka ya 1980 iliitwa kwa maneno ambayo tafsiri yake ni kama "nafa nikiwa nazo mkononi". Pesa mtu alikuwa nazo. Cha kununua hakikuwapo.

Mito ya Kitui ina tabia ambayo mgeni haielewi upesi. Miezi mingi ni mchanga mtupu, akina mama huchimba ndani yake kutafuta maji huku punda wakingoja na mitungi. Halafu mvua inyeshe mbali, pengine kwako pasianguke hata tone, na mto ushuke ghafla kama ukuta. Safari ya nusu saa hugeuka ya siku mbili, au huishia hapo hapo. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda arusini lilijaribu kuvuka mto Enziu huko Mwingi, maji yakiwa yamefunika kivuko. Watu zaidi ya 30 walikufa. Wengi waliokuwa ng'ambo wakitazama hawakuwa na la kufanya.

Nani basi alipe gharama ya umbali? Swali hili si la nadharia. Mwaka wa 1992 Makueni ilitengwa na wilaya ya Machakos, na 1993 Mwingi ikatengwa na Kitui. Kwa miaka mingi mtu wa Tseikuru alimalizia shughuli za wilaya Mwingi. Zilipokuja kaunti mwaka wa 2013, Mwingi ikarudishwa ndani ya Kitui, na makao makuu yakasogea mbali naye tena. Pesa nazo zina mzozo wake. Kanuni ya kwanza ya kugawia kaunti mapato ilitoa asilimia 45 kwa idadi ya watu na asilimia 8 tu kwa ukubwa wa ardhi. Mwaka wa 2020 maseneta walishindwa kuelewana kwa majuma mengi kuhusu kanuni ya tatu, wengine wakishikilia wimbo wa "mtu mmoja, shilingi moja". Ni wimbo mtamu ukiwa unaishi Nairobi. Lakini gari la wagonjwa halinywi mafuta kwa idadi ya watu. Hunywa kwa kilomita, na daktari mmoja hawezi kuwa Ikutha na Tseikuru siku moja. Kanuni iliyopita hatimaye iliacha ardhi pale pale kwenye asilimia 8, ikaongeza nyingine 8 kwa barabara. Kwa maoni yangu hata hiyo ni haba.

Barabara ya lami kutoka Kibwezi kupitia Mutomo hadi Kitui, Kabati na Migwani, kilomita 192, imeanza kubadili mambo. Kitui ina mlango wake wa lami wa kwenda baharini bila kupitia Nairobi, na safari iliyomchukua Krapf majuma matatu na zaidi humalizika mchana mmoja. Makueni na Kitui sasa zinachumbiana waziwazi. Desturi ya Ukambani hudai mbuzi watatu wa ntheo kabla ya mengine yote, na zamani mbuzi hao walitembezwa kwa miguu kutoka boma hadi boma. Nimewaona wazee wa Kilungu, wakijiandaa kwenda kwa wakwe kaskazini ya Mwingi, wakibishana asubuhi nzima kama wawapakie mbuzi ndani ya pikapu au wakawanunue soko lililo karibu na wakwe. Mmoja alisema mbuzi wa kununuliwa huko si mbuzi wa kwetu. Mwingine akamwuliza kama yuko tayari kulipa petroli. Walikubaliana kununua.