Mgeni Alale Mlangoni mwa Bustani, Si Uani

Kila bustani kuu ya jiji inapofanyiwa ukarabati, hakosi mtu wa kuuliza: mbona pasijengwe hoteli papa hapa, wageni wakalala penye mandhari nzuri nayo serikali ikapata fedha? Swali hilo si la kipuuzi. Uhuru Park, iliyofunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta mwaka wa 1969, pamoja na jirani yake Central Park, si nyasi na miti tu. Hapo ndipo akina mama wa wafungwa wa kisiasa walipogoma kula mwaka wa 1992, na ndipo Katiba ilipozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010. Mnara wa kuwakumbuka walioteswa enzi ya Mau Mau nao ulizinduliwa hapo Septemba 2015. Mwalimu wa historia hana kitabu kilicho wazi kuliko hicho. Lakini akiwa ametoka Wajir au Kuria na wanafunzi arobaini, atawalaza wapi?

Nimewahi kukumbwa na tatizo hilo. Nilipowaleta wanafunzi wangu Nairobi, tulilala katika madarasa ya shule moja iliyotuhurumia, madawati yamesukumwa kando, na alfajiri tukapanga foleni penye mfereji mmoja. Wengi waliizuru minara ya jiji huku wakisinzia. Kwa hivyo mimi si mpinzani wa malazi. Ninachohoji ni mahali yatakapojengwa, umbo lake, na nani atakayeweza kulipia kitanda.

Wanafunzi wa leo huenda hawajui kwamba Uhuru Park nusura ituponyoke. Mwaka wa 1989 palipangwa kujengwa humo jumba la orofa 60, mradi wa shirika la magazeti la chama tawala cha KANU na mshirika wake wa kigeni, Robert Maxwell. Haikuwa hoteli, zilikuwa ofisi, maduka, kumbi na maegesho ya magari. Profesa Wangari Maathai aliandika barua baada ya barua kuupinga mradi huo, akakejeliwa bungeni, lakini hakutishika. Wafadhili walijitoa, na mwaka wa 1992 uzio uliokuwa umezungushwa ukaondolewa. Hatari ya wakati ule haikuwa urefu wa jumba pekee. Uzio ndio uliotangulia, na mwananchi aliyezoea kujilaza nyasini mchana akajikuta yuko nje.

Ndugu zetu wa Zanzibar wamepata funzo la aina hiyo. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2000. Huko Shangani, kando ya bahari, pana nyumba ya karne ya 19 iitwayo Mambo Msiige. Iligeuzwa kuwa hoteli ya kifahari iliyofunguliwa mwaka wa 2015, na kwenye uwanja uliokuwa wazi ubavuni mwake likapandishwa jengo jipya ambalo ukubwa wake ulizua malalamiko katika Kamati ya Urithi wa Dunia. Jina la nyumba hiyo lilikuwa onyo tosha, nasi tungelizingatia. Hata hivyo, papo hapo Shangani jengo la zamani la simu lilikarabatiwa likawa hoteli pasipo kumeza uwanja wa umma. Tofauti ya hoteli hizo mbili haimo katika idadi ya nyota, imo katika ardhi iliyotwaliwa.

Wasanifu wetu hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Katika nyumba za kale za mawe kule Lamu, mgeni alikuwa na chumba chake kiitwacho sabule. Kilikuwa karibu na daka, yaani pale mlangoni penye viti vya mawe, aghalabu juu, na ngazi yake peke yake. Mfanyabiashara aliyekuja na msimu wa kaskazi angeweza kukaa wiki nyingi, akaingia na kutoka, bila kuvuka kiwanda wala kuifikia ndani ya wenyewe. Alikirimiwa kikamilifu, na nyumba ikabaki ya wenyeji.

Bustani ya umma ina daka lake pia, nalo ni ukingo wake upakanao na barabara. Malazi na yakae huko, na ikiwezekana yawe katika jengo ambalo tayari lipo. Hoteli ya Serena, iliyofunguliwa mwaka wa 1976, imepakana na Central Park miaka yote hii, wala miti haikuizidi kimo kwa aibu. Lakini chumba chake si cha mwanafunzi wa kutwa kutoka Kuria. Tunachohitaji ni mabweni ya vitanda vya orofa mbili, chumba cha mwalimu karibu na mlango wa kila bweni, bafu za kutosha watoto wasichelewe, na jiko ambalo lori la mboga litalifikia kutoka barabarani bila kukanyaga nyasi. Ukuta unaoelekea bustani uwe na baraza ya kukalia mpita njia, si nyaya za umeme. Maji machafu yaelekezwe kwenye mabomba ya jiji, yasielekezwe kwenye ziwa lile dogo ambamo watoto hupanda mashua. Nacho kitanda kilipiwe kwa kadiri ya mfuko wa mzazi wa kawaida. Kama hilo halitawezekana bila ruzuku, basi Serikali ya Kaunti ya Nairobi na wizara ya elimu waitafute ruzuku kabla ya mchoro wa kwanza.

Idara ya usanifu ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko mwendo mfupi tu kutoka Central Park. Ningependa wahadhiri wake wawape wanafunzi zoezi hili muhula ujao: bweni la vitanda themanini, lisilopita vilele vya miti, lisilochukua hata hatua moja ya nyasi. Na kabla hawajashika penseli, wakae humo bustanini Jumapili moja kutwa nzima, wahesabu watu waliolala kivulini.