Gitaa la Besi Lichaguliwe kwa Vipimo, Si kwa Jina

Shule au kikundi cha vijana kinapochanga fedha za kununua gitaa la besi, maswali ya kwanza aghalabu huwa mawili: limetengenezwa na kiwanda gani, na kwa mbao gani? Maswali hayo si ya kipuuzi, lakini hayastahili kutangulia. Gitaa la besi ni chombo cha fizikia kabla ya kuwa pambo la jukwaani, na karibu kila kinachoufanya ubora wake chaweza kuchunguzwa na mwanafunzi mwenye rula na sikio.

Yafaa kuanza na uzi wenyewe. Mtawa Mfaransa Marin Mersenne alieleza mwaka 1636 kwamba mitetemo ya uzi hutegemea urefu wake, mkazo wake na tungamo lake kwa kila kipande cha urefu. Uzi ukirefushwa mara mbili, mitetemo hupungua kwa nusu. Lakini ili mitetemo iongezeke mara mbili kwa kukaza tu, mkazo hauna budi kuongezwa mara nne. Sasa, uzi mnene wa gitaa la besi hutetema mara 41 hivi kwa sekunde, ilhali ule wa gitaa la kawaida la nyuzi sita hutetema mara 82. Mtengenezaji anayetaka kushuka oktava hiyo nzima hana budi kuurefusha uzi, kuulegeza au kuunenepesha. Ukilegezwa mno hugongana na shingo na kukwaruza. Ukinenepeshwa mno huwa mgumu kama ufito, na mitetemo yake ya juu huacha kulingana na ile ya msingi.

Leo Fender wa California, alipotoa gitaa lake la Precision Bass mwaka 1951, alichagua uzi wenye urefu wa inchi 34, yaani sentimita 86.4, na watengenezaji wengi wangali wanamfuata. Yapo pia magitaa ya inchi 30, ambayo huwafaa wenye mikono mifupi. Hata hivyo, uzi uleule ukifungwa katika gitaa la inchi 30 na kukazwa hadi noti ileile, mkazo wake huwa pungufu kwa asilimia 22. Upungufu huo hauandikwi kwenye kibandiko cha bei.

Jina la gitaa hilo la Fender lina maana ya usahihi, na halikutolewa bure. Besi kubwa ya kusimama haina freti, vile vipande vya chuma vinavyokingama shingoni. Mpigaji huitafuta noti kwa sikio na mazoea. Fender alizipachika. Umbali wa kila freti kutoka kwenye daraja hupatikana kwa kuugawa ule wa freti iliyotangulia kwa 1.0595, hata freti ya 12 ikaangukia nusu kamili ya uzi. Kosa la milimita 3 mahali hapo hupotosha noti kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nusu-toni. Lakini hata hesabu ikiwa safi, kidole kinapoukandamiza uzi huuvuta kidogo na kuipandisha sauti. Kwa sababu hiyo daraja jema huwa na tandiko la kila uzi peke yake, linaloweza kusogezwa mbele na nyuma. Gitaa la kwanza la Fender lilikuwa na matandiko mawili tu kwa nyuzi nne. Umaarufu haukuliondolea kasoro hiyo, mpaka baadaye yalipofanywa manne.

Shingo nayo ina kazi nzito. Nyuzi nne kwa pamoja huivuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa mtu mzima, ndiyo maana hutiwa ufito wa chuma ndani ili isipinde. Isipokuwa imara, hutetemeka pamoja na uzi na kuunyang'anya nishati: noti moja, mara nyingi katika uzi mwembamba baina ya freti ya 5 na ya 7, hufifia upesi ilhali jirani zake zinaendelea kulia. Kasoro hiyo hupatikana hata katika magitaa ya bei kubwa.

Tukija kwenye mbao, hapo ndipo porojo zilipo nyingi. Katika udi au gambusi, uso wa chombo ndio unaousukuma hewani mtetemo wa uzi. Gitaa la besi la umeme lenye kiwiliwili kizima halifanyi hivyo. Uzi wa chuma hucheza juu ya sumaku iliyozungushiwa waya, na umeme huzaliwa katika waya huo kwa kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831. Mahali sumaku hiyo ilipowekwa hubadili sauti waziwazi: karibu na daraja hunasa zaidi mitetemo ya juu. Nayo si ya kudharauliwa, kwa maana spika ndogo ya redio haiwezi kuitoa vema mitetemo 41, bali sikio huisikia noti hiyo kutokana na ile ya 82, 123 na kuendelea.

Mbao huathiri kwa ugumu wake, si kwa jina lake. Mmarekani Ned Steinberger, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, alitengeneza magitaa ya besi kwa nyuzi za kaboni na gundi ngumu, nayo yakapigwa na wanamuziki wa kutajika. Kuna haja gani basi ya kudai ubao wa mti adimu? Miti ya jenasi ya Dalbergia, ambayo mpingo wetu ni mmojawapo, imewekwa yote chini ya udhibiti wa biashara ya kimataifa tangu mwaka 2017.

Anayekwenda dukani na aguse uzi kidogo juu ya freti ya 12, aupige, kisha aukandamize hapohapo na kuupiga tena. Sauti hizo mbili ziwe moja. Kisha apige kila noti ya kila uzi, polepole, akisikiliza ipi inakufa mapema. Kazi hiyo huchukua robo saa, na muuzaji asiyemruhusu mnunuzi robo saa amekwisha kutoa jibu lake.