Dropshipingi haihitaji mtaji? Mtaji ni wewe

Niseme mapema ndio tusisumbuane: sina shida na dropshipingi. Shida yangu ni na watu wanaoiuza kwa vijana wa Kenya kama dawa ya umaskini.

Unawajua. Video inaanza jamaa akiwa ndani ya gari, na hatujui kama ni lake ama la kukodi. Simu iko mkononi, skrinshoti ya mauzo ya dola inang'aa. Anakuambia huhitaji mtaji, huhitaji stoo, huhitaji hata kutoka kitandani. Unafungua duka la mtandaoni, mteja analipa, msambazaji aliye Uchina anatuma mzigo, wewe unabaki na faida. Halafu dakika ya mwisho: nafasi za kozi zimebaki chache, lipa leo, kesho bei inapanda.

Sasa angalia hiyo kozi vizuri. Haina stoo. Haisafirishwi. Haivunjiki njiani. Ukishalipa hairudishwi. Buda ameshapata bidhaa tamu kuliko kitu chochote atakachokufundisha kuuza. Hiyo ndiyo biashara yake, na mteja wake ni wewe.

Na kinachoniuma ni pesa inatoka wapi. Msee amemaliza chuo, amekaa nyumbani miaka miwili, anachoka kuulizwa na majirani "umepata kitu?" Anamwendea mamake, mama anachukua mkopo kwa chama. Mwingine anagonga Fuliza. Mwingine anauza laptopu, na ni hiyo laptopu ndiyo angefanyia biashara. Kwa hivyo usiniambie "si ni soko huria, kila mtu achague." Ukimuuzia mtu anayezama kamba ya karatasi, kuna jina la hiyo kazi, na mwalimu silo.

Tuongee mambo yenyewe. Mfumo unaofundishwa kwa hizi kozi ulitengenezewa mnunuzi wa Marekani. Huyo ana kadi, amezoea kulipa kabla hajaona kitu, na akidhulumiwa anaambia benki yake irudishe pesa. Wewe uko Umoja ama Kisii. Ukijenga duka lako kwa Shopify, ada ni ya kila mwezi, umeuza ama hujauza. Huduma yao wenyewe ya malipo, Shopify Payments, haipo Kenya, kwa hivyo unatafuta kampuni nyingine ya kukuunganishia M-Pesa ama kadi, na kampuni hiyo nayo inakata kitu. Bado hujalipia matangazo, na matangazo ndiyo yanakula pesa kuliko vyote.

Sawa, umepita hapo. Mteja wako Mkenya anakuja. Swali la kwanza: "Mko wapi?" Swali la pili: "Naeza lipa mzigo ukifika?"

Hapo ndipo mfumo mzima unavunjika. Dropshipingi inasimama kwa miguu miwili: mteja alipe kabla, halafu avumilie. Pesa yake ndiyo unanunulia bidhaa, kwa sababu wewe huna. Mkenya hataki kulipa kabla, na ana sababu. Ameshaagiza viatu akaletewa kitu kingine. Ameshatuma pesa na akablokiwa dakika hiyo hiyo. Sasa wewe, duka halina anwani, lina wiki mbili tangu lifunguliwe, unamwambia alipe leo angoje wiki tatu. Akikataa, kocha anakuambia "tangazo lako halijakaa poa, boresha." Hapana. Mteja ana akili timamu.

Halafu kuna swali ambalo sijawahi kusikia kocha akilijibu: mteja anakuhitaji wa nini? AliExpress inamuuzia moja kwa moja. Safaricom na AliExpress walitangaza ushirikiano wa malipo ya M-Pesa mwaka wa 2019. Temu nayo iko kwa simu ya kila mtu na matangazo hayaishi. Mteja akiona ile taa yako ya chumbani ya shilingi 2,500, anapiga picha, anatafuta, anaipata ileile kwa nusu bei kabla chai haijapoa. Ulikuwa unamwongezea nini? Kama jibu ni "hakuna", basi huna biashara, una matumaini kwamba mteja hatachanuka.

Tuweke hesabu, za mfano tu. Una blenda ndogo ya kuchaji. Msambazaji anakudai 900 pamoja na kusafirisha. Unauza 1,500. Tangazo limekula 250 kumpata huyo mteja mmoja. Umebaki na 350. Sio mbaya. Sasa mmoja anapata blenda imepasuka. Msambazaji hajibu, ama anakuambia irudishe Uchina kwa gharama yako. Ukimrudishia mteja 1,500 zake, umepoteza zile 900 na zile 250, jumla 1,150. Umekula faida ya wateja watatu na bado una deni la 100. Usipomrudishia, amepiga skrinshoti na jina la duka lako linazunguka kwa kila grupu la mtaa.

Yule mteja hamjui mtu wa Guangzhou. Anajua namba yako. Hata sheria inakutambua wewe uliyemuuzia: Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 imegusa hadi makubaliano ya mtandaoni. "Sina stoo" haikusaidii kitu. Stoo si yako, lakini lawama ni yako mia kwa mia.

Najua mtu ataniambia kuna Wakenya wanauza Marekani na wanaomoka. Wapo, siwakatai. Lakini waulize siku yao inakaaje. Wanajaribu bidhaa kumi moja ndiyo inatoka. Wana pesa ya matangazo ya kuchoma bila kulia. Wanajibu wateja saa nane usiku. Hiyo ni kazi ya matangazo, na ni kazi halali, ngumu, ya mtu mwenye akiba. Kumwambia mtu anayeanza na pesa ya kodi ya nyumba kwamba ni kazi ya kufanyia kitandani ni uongo.

Na kichekesho ni kwamba hii biashara tumekuwa nayo hapa kitambo bila jina la Kizungu. Enda Luthuli uulize spika fulani. Mwenye duka anakuambia "ngoja dakika moja", kijana anatoka mbio, anarudi na spika kutoka duka la tatu. Bei imeshaongezwa. Enda Kirinyaga Road uulize spea ya gari, utaona mchezo uleule. Yule dada anayeweka viatu kwa stetasi ya WhatsApp na hana hata jozi moja nyumbani? Akipata oda anaenda Eastleigh, anachukua, anatuma. Sisi tunaita kubroka. Hakuna aliyemuuzia kozi.

Tofauti ya huyo dada na yule wa kozi ni kitu kimoja: yeye anaweza kufika mahali bidhaa ilipo. Anaishika. Anavuta zipu. Ikiwa na kasoro anairudisha leo na anabadilishiwa leo. Mteja akisema atalipa ikifika, anaweza kujaribu, kwa sababu "ikifika" ni kesho, si mwezi ujao.

Kwa hivyo kama unaanza, anza hapo. Chagua aina moja ya bidhaa, usiwe duka la kila kitu. Vyombo vya jikoni, enda Kamukunji. Nguo na mabegi, Eastleigh. Ingia kwa maduka matatu na uulize mambo manne: bei ya jumla, bei ya kipande kimoja, kama unaruhusiwa kupiga picha, na ikiharibika inakuwaje. Hilo la mwisho ndilo la maana. Muuzaji anayekujibu kwa kunguruma, achana naye hata kama ana bei poa.

Piga picha zako mwenyewe, na video ukiishika kwa mkono. Uza kwanza kwa watu wanaokujua, wale wanajua kwenu ni wapi. Kwa mgeni, omba angalau pesa ya usafiri kwanza, ili akizima simu usibaki na hasara ya boda. Pokea malipo kwa Till ama Pochi la Biashara, si kwa laini yako ya kawaida. Hivyo pesa ya biashara haichanganyiki na ya sukuma wiki, na mtu hawezi kukulipa akachukua mzigo halafu akarudisha pesa kirahisi. Andika kila kitu kwa daftari. Mauzo yakivuka milioni moja kwa mwaka, ile kodi ya mauzo ya asilimia 3 itakuhusu, na hiyo itakuwa shida nzuri.

Itakuwa polepole? Eeh. Mwezi wa kwanza unaweza kuuza vitu vitano, na vitatu ununuliwe na shangazi zako. Lakini mwisho wa mwezi utakuwa na kitu ambacho hakuna kozi inauza: watu wanne ama watano wanaojua kwamba ukisema mzigo unakuja, unakuja. Hao ndio mtaji. Duka la mtandaoni litakuja baadaye, likiwa na wateja tayari.

Na kama bado kocha amekushika roho, muulize mambo matatu kabla hujatuma pesa. Akuonyeshe faida baada ya kutoa matangazo, si mauzo. Akuonyeshe oda alizorudishia watu pesa. Akuonyeshe mteja mmoja Mkenya aliyenunua kwake mara ya pili.

Akikujibu kwa skrinshoti nyingine, funga video, panda matatu, shuka OTC, tembea hadi Kamukunji. Nauli haitafika bei ya kozi, na utarudi ukijua zaidi.